Baba Mkwe Alivyonikuta Kisiba

Jambo hili limeshazungumzwa sokoni Tukuyu, limezungumzwa kanisani, na wajukuu za watu wanalo kwenye simu zao wanalitazama huku wanaegemeana kwa kicheko, kwa hiyo nimeona bora nilieleze mwenyewe, maana aibu ukiisema mwenyewe angalau unaipanga. Ndiyo, yule bibi anayekimbia msibani khanga kichwani, kiatu kimoja mguuni na turubai linamfuata nyuma kama ng'ombe aliyekata kamba, ni mimi. Mimi ambaye watoto wakicheka kwenye maziko nawatoa nje kwa sikio. Sasa nicheke na nani?

Shule niliishia darasa la nne, msitegemee mapambo. Nitaandika kama ninavyosema.

Nyumba yetu pale Msasani ya Tukuyu inakula kwa misiba. Siyo jambo la kuficha. Tunakodisha maturubai, viti, masufuria, jenereta na spika, na zaidi ya yote tunatangaza vifo. Mtu akifariki, familia inakuja kwetu, gari letu linazunguka vijiji na honi juu ya bodi (honi ni ile spika ya bati yenye mdomo mpana kama ua la boga), linasema nani ametutoka na anazikwa wapi. Ni kazi ya heshima na imesomesha watoto. Lakini ina jambo lake. Gari letu likiingia kijijini, hata kama tumefuata ndizi tu, wanawake wanaacha kutwanga na kuanza kuwatafuta watoto wao kwa macho. Nikifika sokoni, muuza dagaa haniamkii kwanza. Ananiuliza, "Ni nani?" Namjibu hakuna mtu, nataka dagaa. Ndipo anapumua na kunisalimia. Nimeishi hivyo tangu nilipoolewa, watu wakinisikiliza kwanza kama kifo, halafu kama mtu.

Aliyeanzisha kazi hii ni baba mkwe wangu. Jina lake siliandiki, na sababu yake mtaiona. Zamani, kabla ya mitambo, alikuwa anapanda mgongo wa kilima anapiga pembe ya ng'ombe, anatangaza kwa koo lake, na watu ng'ambo ya bonde wanasikia. Baadaye akanunua honi, halafu redio ya kaseti, akawa anarekodi tangazo mara moja kisha dereva analizungusha siku nzima. Kila alipotaka kusema alikohoa mara mbili, koho, koho, kikavu, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Ukisikia hivyo, moyo unasimama. Unajua kuna nyumba imepungua.

Sasa sisi Wanyakyusa tuna kitu kinaitwa ukutila. Wa siku hizi wanakilegeza, lakini mimi niliolewa kikiwa bado kimekaza. Mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, haongei naye, hapiti alipopita, hata jina lake halitamki, na neno linalofanana na jina lile analikwepa. Akisikia anakuja, anajifunika kichwa, anatoka njiani, anachutama migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Siyo chuki. Ni heshima, na heshima ile ina hofu ndani yake, ndiyo inayoifanya iwe nzito.

Wengine mkwe wao alikuwa mmoja, akipita amepita. Wangu alikuwa na honi. Nilipokuwa mwari hapo nyumbani nilimuuliza mama mkwe, "Mama, akiwa kwenye spika, yuko kule Lupepo, mimi niko huku naosha vyombo, nako nijifiche?" Mama mkwe akafikiri, akasema, "Sauti ni mtu." Basi. Miaka yote ile, gari likitangaza mlima wa pili mimi niko chini ya mgomba na povu mikononi. Watu wakicheka, mimi nachutama. Mwili ukajifunza wenyewe, nikawa sihitaji hata kuamua.

Alipofariki aliacha sanduku la kaseti. Sanduku lile tangu siku hiyo sijaligusa kwa mkono. Likiwa njiani nalisukuma kwa mpini wa fagio. Nilikataza lisifunguliwe ndani ya nyumba yangu, maana nikajiuliza, likifunguliwa nikiwa nimelala, nitakimbilia wapi?

Katika nyumba hiyo ndimo alimokulia mjukuu wangu Sekela, mtoto wa mwanangu Lugano. Alilazwa mchanga kwenye boksi la nyaya, juu ya matambara, kwa sababu mama yake alikuwa anapakia viti. Wenzake wakicheza kupika, yeye alikuwa anazika magunzi, na kabla ya kuyazika anatangaza: gunzi fulani, mwana wa fulani, maziko saa kumi. Alikuwa anaweza kusimama uani akasema, "Baba, spika ya kushoto ina maji," na Lugano akiifungua anakuta maji. Mimi nilikuwa nasikia kelele tu.

Nilikuwa sipendi. Nawaambia wazi. Nilitaka Sekela awe nesi. Nilijisemea nyumba hii imewabeba waliokufa vya kutosha, huyu mmoja aende kwa walio hai, akiingia mahali watu wafurahi. Nafasi ya chuo ikapatikana, sare nikashonesha. Ndipo, wiki ileile ya kuripoti, watu wa redio moja ya Mbeya wakampigia simu. Walikuwa wanatafuta mtu wa kutengeneza vipindi, wa kukata sauti na kuziunganisha, wakamwambia afike Jumatatu na kazi yoyote aliyoitengeneza mwenyewe. Na chuo nacho ni Jumatatu.

"Bibi," akaniambia, "naomba niende Mbeya nijaribu tu."

"Utaenda chuo."

"Wakinikataa nitarudi, nitaenda chuo hata kwa kuchelewa."

"Sekela, nimeshasema. Msiba wa Ijumaa ndio wa mwisho kushika nyaya. Baada ya hapo utashika sindano."

Akaenda kukunja nyaya zake. Sekela hajibizani, anakaa kimya kama mashine iliyozimwa, na kimya chake kinaniudhi kuliko maneno.

Msiba wa Ijumaa ulikuwa Kisiba, wa Mzee Ambokile. Ambokile alikuwa mtu wa makamo yangu kwenda juu, mkulima, mpole, tena mwenye kitu fulani usoni kama mtu anayetega sikio. Kijiji kizima kilijua sababu. Ujana wake alikwenda Zambia kwenye migodi ya shaba, na huko nyuma baba yake, Mzee Asajile, akafariki. Ikatangazwa, zikatumwa salamu kwa kila msafiri, mwili ukasubirishwa mpaka ikawa haiwezekani tena, ukazikwa bila yeye. Habari zilimfikia mvua nyingine. Akarudi akakuta majani juu ya kaburi. Tangu hapo hakuondoka tena Kisiba, hata kulala Tukuyu alikuwa halali.

Tuliondoka Msasani asubuhi, mimi, Lugano na Sekela, na ukungu ulikuwa umekaa chini kiasi kwamba Lugano alikuwa anaendesha kichwa nje ya dirisha. Kitu cha kwanza ambacho sikukipenda ni honi. Tulikuwa na honi ileile ya zamani ya baba mkwe (haijawahi kuharibika, mpya zimekufa yenyewe inaziona), na ilikuwa inavuma. Taratibu, mmmm, kama nyuki kwenye mzinga wa mbali. Haikuwa imeunganishwa na kitu.

"Ni upepo, Mama," akasema Lugano.

Nikatazama migomba. Hakuna jani lililotikisika.

Kisiba iko juu ya ziwa, lile ziwa la duara lililokaa chini ya kuta za msitu kama maji kwenye sufuria, na siku ile halikuonekana kabisa. Ulijua lipo kwa sababu sauti zilikuwa zinaenda kule na kurudi zimechelewa. Mtu anapasua kuni, tap, halafu kutoka kwenye weupe mtu mwingine naye anapasua, tap. Mbwa wa pale alibweka mara moja, akajisikia anajibiwa, akaenda kulala chini ya meza. Waombolezaji walikuwa wengi lakini wakimya. Ukungu unanyamazisha watu. Mtu alikuwa anakutokea mbele ghafla, anakupa mkono, "Poleni," halafu anapotea.

Lugano akashusha vitu, akarudi Tukuyu kuchukua viti vilivyobaki. Sekela akafunga mashine chini ya turubai kubwa, hatua chache kutoka kwenye jeneza, honi akaielekeza upande wa ziwa kwa sababu watu wengi walikuwa mteremkoni, kisha akachukua waya mrefu kwenda nao kaburini kwenye migomba ya chini. Akaniambia, "Bibi, kaa hapa, usiguse kitu chochote. Nafunga kule, narudi, nyimbo nitaweka mwenyewe."

"Nenda," nikasema. Nikavuta kiti nikakaa karibu na mashine kama askari.

Hapo ndipo ilipokuwa salama yangu. Ningekaa tu.

Lakini mchungaji akaja. Kwaya ilikuwa imekwama njiani, gari lao limezama kwenye tope, na yeye alitaka walau wimbo wa taratibu utoke kwenye spika watu waanze kuaga. "Mama Lugano," akasema, "si na ninyi mnazo nyimbo humo?" Watu wakanitazama. Alikuwepo hapo na Bibi Tupokigwe, dada mkubwa wa marehemu, kikongwe mkali ambaye tangu usichana wetu hajawahi kuniachia neno, akasema, "Msimsumbue. Mwenye spika ni yule mtoto, huyu ni mlinzi tu."

Nikasema moyoni, mlinzi? Mimi niliyekula kwa mashine hii tangu huyu mtoto baba yake hajazaliwa? Nikafungua mkoba wa Sekela. Mkobani kulikuwa na flashi mbili, nyekundu na nyeusi. Sasa hapa nisikilizeni, ndipo akili yangu iliponiaga. Nikazitazama, nikajisemea, nyekundu ni ya mambo ya kihuni, muziki wa vijana. Msibani mtu anavaa nyeusi. Nikachomeka nyeusi. Nikabonyeza pale ninapomwona Sekela anabonyeza. Kitufe cha sauti kilikuwa chini kabisa, nikaona haitasikika, nikakizungusha mpaka kikagoma.

Kwanza ule mvumo. Mmmm. Mrefu, ukatoka ukaenda ukunguni.

Halafu, koho, koho.

Ee Kyala, Mungu wangu. Nawaambieni damu yangu ilijua kabla yangu. Nilikuwa bado najiuliza ni nani amekohoa, mikono imeshavuta khanga usoni na miguu imeshanyanyuka. Na kutoka kule mbele, kutoka kwenye weupe juu ya ziwa, siyo kutoka kwenye bati, nawaapia sikuisikia kwenye bati, niliisikia inakuja kutoka ziwani, inapanda mteremko, ile sauti kavu ya mtu aliyezikwa mimi nikiwa bado na meno yote:

"Tangazo la msiba. Tangazo la msiba. Wana Kisiba na jirani wote."

Nikakimbia. Heshima yote niliyoijenga kanisani ikabaki kwenye kiti. Nilikimbilia migombani kama mwari, na kwa kuwa uso umefunikwa sikuiona kamba ya turubai, nikaipitia na mguu, nikaenda nayo. Turubai lilikuwa limebeba mvua ya usiku mzima tumboni mwake. Likainama. Maji yote yakashuka juu ya mchungaji na kina mama wa vikapu vya ndizi, wakapiga yowe, ziwa nalo likapiga yowe lao, kiatu kikabaki kwenye tope, mimi nikafika kwenye shina la mgomba nikachutama, mgongo kwa watu, khanga mpaka kidevuni.

Sauti ikaendelea. "Mzee Asajile wa Kisiba hatunaye."

Watu wakawa kama wamemwagiwa majivu. Vijana hawakumjua mwenye sauti, lakini wazee walimjua, na kila mzee pale alishawahi kuitwa na sauti ile kwenda kwenye maziko ya mtu wake. Nikachungulia kwa pembe ya khanga (kuchungulia huku unajificha kunaruhusiwa, usimtazame yeye tu), nikaona kitu ambacho hata leo kinanisimamisha nywele. Kina mama wengine, wake wa wana wa ndugu za baba mkwe, vikongwe kama mimi, nao walikuwa wameinuka kimya kimya wakatoka njiani. Mmoja hapa, mmoja pale, wamechutama kwenye ukungu wamefunika vichwa na kuipa njia mgongo. Hakuna aliyeambiwa. Njia ikabaki wazi kabisa kutoka mteremkoni mpaka kwenye jeneza, kama inayosubiri mtu apite.

"Mama Lugano, izime," mchungaji anaita, anajipangusa maji.

"Siwezi," nikajibu nikiwa naangalia mgomba.

"Mashine ni ya kwenu, izime, Mama."

"Nitaizimaje, mchungaji, yeye mwenyewe yuko pale?"

Kijana mmoja akataka kuigusa, akarudisha mkono. Sikumlaumu.

"Habari ziwafikie wanawe wote," sauti ikasema, "walioko Kyela, walioko Chunya. Habari zimfikie mwanawe Ambokile, aliyeko Zambia kwenye shaba." Ikanyamaza kidogo, kama mtu anayetazama pande zote. "Ambokile. Rudi nyumbani. Baba yako anakusubiri."

Na ziwa likarudisha, limechelewa, polepole: anakusubiri.

Hakuna aliyelia. Hakuna aliyesogea. Jeneza liko pale wazi, na mtu aliyekuwa anaitwa ndiye aliyelala humo.

Nikasikia miguu inakimbia kutoka kaburini, ni Sekela, amelowa mpaka magotini, akapita karibu yangu asinione, akazima jenereta. Jenereta likakohoa likafa. Na baada ya kufa, nasema nilichosikia, kutoka kule chini likaja tena jina, Ambokile, mara moja, taratibu. Sekela anasema ni mwangwi. Amenieleza kwa mikono jinsi sauti inavyozunguka kuta za ziwa ikachelewa. Sawa. Yeye ndiye fundi.

 Nikajua tumekwisha. Nikaona watu wanatufukuza na vyombo vyetu, nikaona kazi ya nyumba nzima inakufa siku hiyo, na Lugano anarudi na viti anakuta tumekaa barabarani. Sekela alisimama katikati. Akasema, "Samahanini wazee wangu. Kosa ni langu. Nilizihamishia kwenye flashi kaseti za babu wa baba yangu, kwa siri, nyumbani kwa jirani. Hii nilipanga niipeleke kwa familia kwanza, waisikilize ndani, wakikataa niifute. Haikuwa ya kupigwa hapa."

"Nani kaipiga?" mtu akauliza.

Mtoto yule akatazama chini. Hakunitaja. Mimi niko migombani kwa mguu mmoja mtupu, na mtoto anabeba aibu yangu. Nikafungua mdomo kusema ni mimi, lakini Bibi Tupokigwe akanitangulia.

"Nani mwingine, kama siyo yule aliyegeuka mgomba?"

Kicheko kikatoka mahali, kikajizuia. Bibi Tupokigwe akainuka kwa fimbo yake, akaenda mpaka kwa Sekela, akamshika kidevu.

"Gwe mwana, wewe mtoto. Sauti hiyo ilitembea hapa siku nyingi tunamngoja mdogo wangu huyu, na mimi nilikuwa nalifuata gari kwa miguu, nikidhani nikiwa karibu na mdomo wa honi itafika mbali zaidi. Haikufika. Sasa iweke tena. Siyo kwa ukali huo. Kama mtu anamwamsha mtu."

Mchungaji akasogea pembeni kumpisha. 

"Na yule wa migombani?" Sekela akauliza, sasa ameniona.

"Muache hukohuko. Ana adabu yake. Ndiyo hiyo tu amebakiza."

Sekela akawasha jenereta, akaishusha honi chini, akaigeuza kutoka ziwani ikatazama jeneza, akaweka sauti ndogo mpaka ikawa kama mzee aliyeketi pale kwenye kigoda. Koho, koho. Nikajifunika. Tangazo likapita lote, na hapo ndipo watu walipolia, kilio kile cha chini kinachotoka kwenye miguu. Lilipoisha Bibi Tupokigwe akainama kwenye jeneza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamtuma dukani, "Umesikia? Haya, nenda basi. Usimchoshe mzee."

Nikadhani yameisha, nikaanza kunyoosha magoti yangu, maana yalikuwa yanalia kuliko watu. Ndipo nikasikia tena, koho, koho, nikarudi chini haraka khanga usoni. Nikasubiri sauti ya baba mkwe.

Ikatoka ya msichana.

"Tangazo," Sekela akasema kwenye maiki. "Habari zimfikie Mzee Asajile, popote alipo. Ambokile amesikia. Yuko njiani."

Akaweka maiki chini. Hakuna aliyemwambia afanye vile. Na kikohozi kile hakukijua kwa mtu hai, mzee yule alifariki Sekela hajazaliwa. Mtasema alijifunza kwenye kaseti. Na mimi nasema hivyohivyo mchana. Lakini nilikuwa nimechutama pale, maji ya majani ya mgomba yananidondokea shingoni, na mwili wangu, ambao hujua mambo kabla yangu, ulikuwa umempa mjukuu wangu mgongo kwa heshima. Sikuwa nimekosea. Aliyepita alikuwa yeye.

Tukazika. Ndizi na maharage tukala, na watu waliokuwa wanaogopa gari letu walikuja kumshika mkono Sekela mmoja mmoja. Hakuna aliyemuuliza "Ni nani?" Walimwita kwa jina. Mimi walinipita wakiwa wamefunga midomo kwa nguvu, na mabinti wawili nyuma ya masufuria walikuwa wameshanichukua kwenye simu, mkimbio wote, tangu kiti mpaka mgomba. Kiatu changu alinirudishia Bibi Tupokigwe mwenyewe, ameshakiosha. "Mlinzi," akasema, "shika."

Kurudi nilikaa mbele kati ya Lugano na Sekela. Ukungu ulikuwa umepasuka, ziwa likaonekana kule nyuma, jeusi, limetulia, haliongei. Lugano alikuwa anauma midomo asicheke, nikamwambia atazame barabara.

Tulipokaribia lami nikauliza, "Jumatatu unakwenda wapi?"

"Chuo, Bibi. Si umesema."

"Chuo gani na kikohozi hicho? Utawaua wagonjwa kwa hofu."

Hakuelewa upesi. Alipoelewa aligeuka dirishani akalia bila sauti, na mimi nikajifanya nafunga kiatu. Sare ya unesi niliiuza kwa mtoto wa jirani, na yeye imemkaa vizuri zaidi, kuna watu wamezaliwa kwa sindano. Sekela wangu alizaliwa kwenye boksi la nyaya. Nilitaka kumtoa kwenye kazi ya nyumba kwa nguvu, na kazi ya nyumba ikamfuata, ila imebadilika njiani: siku hizi ile redio ya Mbeya inamtuma kwa wazee wakiwa hai, anawarekodi wakisema wenyewe, na watu wakimwona na kinasa sauti chake wanatandaza kitambaa kitini wanamkaribisha chai. Sanduku la kaseti amelichukua. Nimelala vizuri tangu liondoke.

Nimeweka nadhiri kanisani kwamba mkono wangu hautagusa tena kitufe ambacho sijaambiwa nikibonyeze, hata cha kengele ya mlango, na nyeusi sitaichagua tena kwa kuwa ni nyeusi. Nadhiri hiyo naitunza. Redio anawasha Lugano. Kipindi cha Sekela kinaanza asubuhi, mimi niko uani na maharage yangu, na kabla ya neno lolote inatoka koho, koho, basi nauacha ungo, navuta khanga, nakwenda zangu migombani.

Nasikilizia huko. Huko naisikia vizuri tu.